Alilala Peke Yake Ndani ya Gari-Nyumba

"Ingia basi, Mama Tabby. Unaogopa gari?"

Maximilla hakusogea. Gari-nyumba kuukuu, nyeupe iliyochakaa, ilikuwa imejaza uwanja wao wa Kimumu hadi kwenye kamba ya nguo. Mumewe, Obonyo, dereva mstaafu wa malori, alisimama mlangoni akitabasamu kama bwana harusi.

"Hilo godoro limekunjamana," Maximilla alisema.

"Nililala hapa jana. Si ulikuwa kwa Tabby, Kesses?"

"Ulilala."

"Nilitaka kuijua. Gari kuukuu ni kama mtu mzima, siri zake hutoka mvua ikinyesha. Paa linavuja hapa juu ya kitanda. Pampu ya maji inalia kama mbuzi. Lakini jiko, mama! Gesi, na moto wa buluu!"

"Ina jiko."

"Ya kupikia wawili!"

"Ina kitanda. Ina mlango wa kufungwa na ufunguo. Na usiku wa kwanza ukalala peke yako."

Tabasamu likamtoka Obonyo. Kwao, kule ziwani, mwanamume hafungui nyumba mpya bila mkewe. Usiku wa kwanza hulala wote wawili. Anayelala peke yake ni kama ametangaza kwamba mke hana, au amemzika.

"Nyar Alego," akabembeleza, kwa jina la binti wa kwao Alego alilomwita tangu uchumba. "Hii ni gari tu. Ina namba ya usajili!"

"Usiniite hivyo leo. Miaka yote hiyo umelala kwa lori. Malaba, Kampala, Juba. Nikasema sawa, ni kazi. Ukastaafu, nikasema sasa mume wangu amerudi. Kumbe ulirudi kutafuta kitanda cha kuondoka nacho."

"Nilinunua ili twende sisi wawili!"

"Uliniuliza lini?"

Maximilla akachukua mkoba wake, ambao hata ulikuwa haujafunguliwa, akageuza njia kurudi Kesses kwa binti yao.

Obonyo akapiga simu. Haikushikwa. Akapiga tena, ikazimwa. Jioni ikaingia meseji:

"Nyumba uliyofungua peke yako ishi nayo peke yako. Na usimtume Tabby kuniongelesha."

Asubuhi alikwenda yadi ya Hussein, tajiri aliyemwajiri kuendesha malori tangu ujana, ambaye pia ndiye aliyemuuzia hiyo gari.

"Mzee Obonyo! Usiniambie imekufa. Gari ikishatoka kwa geti yangu, mimi sijui baba yake wala mama yake."

"Gari ni nzima. Mama ndiye ameondoka."

Hussein akaacha kucheka. Akamvutia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulitoka kwako kwa safari maisha yako yote," akasema, "lakini hujui nyumba ya safari. Kwetu Wajir, ile nyumba inabebwa na ngamia, nani anajenga?"

"Mwanamume."

"Wapi! Mwanamke. Anapinda miti, anasuka mikeka, anajenga, anabomoa, anapakia. Ni yake. Siku ya kuhama, babangu alikuwa anasimama kando kama mgeni, anangojea kuonyeshwa pa kulala. Na alikuwa mkali, huyo mzee! Sasa wewe umenunua nyumba ya kuhama, ukaingia kichwa mbele kama ng'ombe anayeona majani."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Mimi nauza magari, sipatanishi watu. Kunywa chai."

Obonyo hakuimaliza ile chai. Alirudi Kimumu, akachukua spana na nyundo, akaanza kubomoa. Iliuma. Kile kitanda kilimtosha kabisa, kana kwamba fundi alikuwa amempima mgongo. Akakitoa chote, mbao na godoro, akakitupa kwenye nyasi. Akang'oa na dari iliyooza. Kisha akapiga picha, akamtumia mkewe bila neno.

Mara hii simu ilipigwa na Maximilla.

"Umefanya nini, Baba Tabby?"

"Nimebomoa."

"Jana ulilala wapi?"

"Ndani ya nyumba, kwa kochi. Huko kwa gari sijarudi."

"Na kwa nini ubomoe kitu umetamani hivyo?"

Obonyo alikaa kwenye ngazi.

"Kwa sababu niliipanga bila wewe. Mimi nimezoea mahali pa mtu mmoja. Usiku ule niliangalia taa, nikaangalia maji, nikaangalia gesi. Sikukutupa, Nyar Alego. Sikukukumbuka tu. Nimekaa nikaona hiyo ni mbaya zaidi."

Akasikia mkewe akivuta kamasi.

"Usiguse kitu kingine," Maximilla akasema, akakata.

Alifika kesho yake mchana, amejifunga kitambaa kichwani, mkononi ana futi ya kushonea. Alipanda ngazi bila kuambiwa karibu. Obonyo alibaki nje kwenye nyasi. Alimsikia akifungua makabati, akijaribu bomba, akigonga kuta kwa vifundo vya vidole. Pampu ikalia.

"Kweli ni mbuzi huyu," Maximilla akajisemea ndani.

Obonyo hakuthubutu kucheka.

"Haya. Ingia."

Aliingia ameinamisha kichwa.

"Kitanda kinakaa hapa," Maximilla alisema, akionyesha kwa futi.

"Hapo ni karibu na mlango. Kimumu hii baridi itakuua."

"Wewe utalala upande wa ukuta. Mlangoni nitalala mimi."

"Si dereva ndiye anakaa karibu na mlango? Kukitokea jambo..."

"Sikiza, Baba Tabby. Maisha yangu yote nimelala nikiangalia mlango, nikijiuliza utaingia lini. Hiyo nimechoka nayo. Sasa ukitaka kutoka, utaniamsha kwanza, uniambie unakwenda wapi, nami nitavaa viatu."

Obonyo alimtazama mkewe, kisha akatazama mahali alipoonyesha.

"Ubao uanzie wapi?" akauliza.

"Hapa. Shika, nipime."