Kizimba cha Mstaafu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu tunaanza, Yeye aliyewaumba wenye miguu miwili na wenye miguu minne, akawapa wa kwanza ulimi ili wawasemee wa pili. Rehema Zake zimfikie kila anayesoma, na kila anayesomewa.

Nyumba hii ilikuwa na watu wanne na sungura mmoja. Tuwataje kwa utaratibu wao.

Wa kwanza ni Bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Alihamia hapo baada ya mumewe kufariki. Wa pili ni binti yake, mwalimu wa chekechea, aliyetoka asubuhi na kurudi alasiri sauti imemkauka. Wa tatu ni mume wa binti huyo. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Karakana yake ilikuwa uani, hatua kumi tu kutoka jikoni. Wa nne ni mtoto wao wa kike, mwenye umri wa miaka minane. Alizungumza tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, kwa hiyo wakamwita Chiriku.

Na sungura je? Huyo aliitwa Mstaafu. Marehemu Babu ndiye aliyempa jina. Babu alikuwa karani kwa miaka thelathini na mitano. Alipostaafu alimfuga sungura wa kijivu mwenye doa jeupe puani. Kila asubuhi wawili hao walikaa sebuleni, mmoja kitini, mmoja chini ya kiti, wala hawana la kufanya. "Mwacheni mstaafu mwenzangu apumzike," Babu alikuwa akisema. "Ametumikia vya kutosha." Jina likaganda.

Katika siku zake za mwisho Babu alimshika Bibi mkono. Alimwambia mengi, na moja lilikuwa hili: "Mstaafu ni amana yako." Basi Bibi alipohama alibeba nguo zake, msahafu wake, na kapu lenye sungura.

Fundi alifurahi kumpokea mama mkwe wake. Alitaka furaha hiyo ionekane, lakini hakuwa mtu wa maneno matamu. Lugha yake ilikuwa chuma.

"Mama," alisema siku ya kwanza, "sungura wako hawezi kukaa kapuni kama kitunguu. Nitamtengenezea kizimba ambacho hata mfalme atakionea wivu."

Alasiri hiyo Mstaafu alikuwa amelala, amejikunja kama ngumi. Fundi alipiga goti, akavuta futi yake, akampima urefu, upana na kimo. Kisha akaongeza vidole viwili kila upande. Hivyo ndivyo alivyopima madirisha ya watu kwa miaka kumi na minane. Katika kazi yake, kitu kilichokaa barabara bila kupwaya ndicho kazi safi.

Siku tatu karakana ilinguruma. Siku ya nne kizimba kilikuwa tayari. Vyuma vilinyooka, pembe zilikutana sawasawa, rangi ya kijani iling'aa. Sakafu yake ilikuwa ya waya.

"Uchafu utadondoka wenyewe," alieleza Fundi. "Mama, ufagio hutaushika."

Na mlangoni aliweka ua la chuma lenye petali sita. Kila petali aliikunja kwa mkono wake. Bibi alipoliona ua lile, machozi yalimlenga.

"Mkwe wangu, Mungu aibariki mikono yako."

Fundi alijikuna kisogo, akainamisha macho, akaenda kuzima mashine iliyokwisha kuzimwa.

Kizimba kiliwekwa uani, ubavuni mwa ukuta wa karakana, mahali ambapo kila mteja anayeingia angekiona.

Wiki ya kwanza Mstaafu alikula vizuri. Wiki ya pili alianza kubakiza chakula. Alikuwa akiinua mguu mmoja wa nyuma, anaushusha, kisha anainua wa pili, kama mtu anayetembea pekupeku juu ya changarawe. Mchana, jua lilipoufikia ukuta ule, alipumua upesi upesi. Bibi alimtoa akamgeuza. Chini ya nyayo manyoya yalikuwa yamenyonyoka. Ngozi ilikuwa nyekundu, na mguu mmoja ulikuwa na kidonda.

Bibi alijua papo hapo kwamba ni waya. Akageuka ili amwite mkwewe. Lakini Fundi alikuwa getini, anamwonesha mteja kizimba kwa mbali.

"Kile ni cha mama mkwe wangu," alikuwa akisema, kifua mbele. "Sijawahi kutengeneza kitu kwa moyo kama kile."

Bibi akarudi nyuma hatua moja. Angeanzia wapi? Mkwe amempokea kwa mikono miwili. Amempa chumba chenye dirisha kubwa. Naye hata hajazizoea ngazi za nyumba, aanze kutoa kasoro? Haya ikamfunga kinywa. Akatandika kitambaa juu ya waya, akamrudisha Mstaafu. Kufika alasiri, Mstaafu alikuwa amekitafuna kitambaa chote.

Siku zilipita. Kila siku Bibi alinyamaza, na kila siku kimya kilizidi uzito. Mwishowe akafanya uamuzi. Akakunja nguo zake, akazipanga ndani ya mkoba.

"Ijumaa nitakwenda kwangu," alisema Jumamosi moja asubuhi, wakati wa chai. "Nikakae kidogo. Mimi na Mstaafu."

"Kidogo ni siku ngapi, Mama?" binti yake aliuliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua. Hakina tarehe ya kurudi."

Fundi aliweka kikombe chini. "Mama, kuna aliyekuudhi hapa?"

"Hapana, mwanangu. Mmenitendea wema mtupu."

"Bibi analia kule kwa Mstaafu," alisema Chiriku, mkate umejaa mdomoni. "Mimi nimemwona. Mara mbili. Hapana, mara tatu."

"Chiriku, meza kwanza!" mama yake alimkemea.

Fundi hakumaliza chai yake. Alikwenda karakanani, na asubuhi ile alikipiga chuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Bibi aliisikia kila nyundo. Kama Mstaafu angebaki kizimbani, angekufa. Kama wangeondoka, mkwe angedhani amedharauliwa. Hakuona njia ya tatu.

Saa nne akaja mteja. Alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mrefu mwenye mabuti ya mpira na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alikuja kukagua geti aliloagiza. Akalitikisa, akalipapasa, akaridhika. Kisha macho yake yakaangukia kizimba.

"Na hili ni sanduku la nini, Fundi?"

"Nyumba ya sungura, Daktari."

"Nyumba?" Alichuchumaa, akachungulia. "Hodi, mzee. Unaitwa nani?"

"Mstaafu!" Chiriku alijibu kwa niaba yake. "Alikuwa wa Babu. Ana doa puani. Hapendi vitunguu."

"Mstaafu! Sasa mbona pensheni yake ni kifungo?"

Tabasamu la Fundi likafifia. Daktari alichukua mkono wake, akauweka juu ya chuma.

"Kuna joto," alisema Fundi.

"Na hii ni saa nne tu. Saa nane je? Sungura hatoki jasho kama mimi na wewe. Jua kali linaweza kumuua kwa muda mfupi."

Alifungua mlango, akamtoa Mstaafu. Mkono mmoja aliuweka chini ya kifua, wa pili akaukinga chini ya makalio. Akazitazama nyayo. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Vidonda hivi si vya jana," alisema. "Ni vya wiki kadhaa. Nani anamhudumia?"

Fundi aliinamisha kichwa.

"Kizimba ni kazi yangu," alisema polepole. "Kosa ni langu. Sikuona."

Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, beseni la mboga mkononi. Angeweza kurudi ndani, na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini aliitazama shingo ya mkwe wake ilivyoinama, akaitazama ile miguu myekundu. Akaukumbuka mkono wa Babu ndani ya mkono wake. Mnyama huyu hana ulimi. Amana aliyoachiwa Bibi ilikuwa kuwa ulimi wake.

Akaweka beseni chini.

"Mimi niliona," alisema.

Wote wakageuka.

"Niliona tangu wiki ya pili, nikanyamaza. Niliogopa kumvunja moyo mkwe wangu. Nikamwacha kiumbe wa Mungu anaumia, ili mimi nionekane mpole. Mungu anisamehe. Nawe nisamehe, mwanangu."

Chiriku akamkimbilia Bibi.

Fundi alimsogelea. "Kwa hiyo safari ya Ijumaa sababu yake ni hiki kizimba?"

Bibi aliitikia kwa kichwa.

"Mama! Mteja akiona geti lake limepinda, hunyamaza akahama mtaa?"

"Mimi langu likipinda," Daktari aliingilia, "nitapiga kelele mpaka uombe likizo."

"Ndiyo maana lako limenyooka," alijibu Fundi.

Bibi alicheka huku machozi yanamtoka, na ndicho kicheko chake cha kwanza katika nyumba ile.

"Sasa tuambie, Fundi," alisema Daktari. "Huyu ulimpimaje?"

"Nilimpima vizuri! Alikuwa ametulia, amelala."

"Na wewe fundi wa nguo akikushonea kanzu, anakupima umejikunja kitandani?"

Wakaingia sebuleni. Daktari alimweka Mstaafu juu ya mkeka, akawataka watulie. Chiriku alipewa chaki ya karakana. Mstaafu alinusa hewa, akajivuta taratibu, kisha akaruka. Akaruka tena, na tena. Kila alipotua, Chiriku alitia alama. Halafu Mstaafu akafanya jambo ambalo Bibi hakuwa ameliona tangu wahamie. Alisimama kwa miguu ya nyuma, masikio juu, akaikagua sebule kama karani mkuu.

"Pima sasa!" alinong'ona Daktari.

Fundi alipima. Akapima mara ya pili, maana hakuamini.

"Hapa kwenye mruko wa tatu ni zaidi ya mara nne ya urefu wa kizimba changu," alisema. "Na kimo chake kimelipita paa."

"Umeona? Sungura hapimwi akiwa amelala. Apate nafasi ya kuruka mara tatu bila kugonga ukuta, na kusimama masikio yasiguse paa. Ukiweza kumpa zaidi, mpe. Na bado, kila siku atoke akimbie saa kadhaa, mkimwangalia."

"Na sakafu?" aliuliza Bibi.

"Umeuliza la maana, Mama. Paka ana vinyama laini chini ya nyayo. Sungura hana, ana manyoya tu. Waya humchubua. Mpe sakafu ya mbao, umtandikie majani makavu kwa wingi. Atayalalia na atayala."

"Lakini uchafu, Daktari?" Fundi alilalamika. "Mimi nilitaka Mama asisumbuke."

"Sungura ni msafi kuliko unavyodhani. Huchagua kona moja kuwa choo chake. Hapo weka trei, muibadilishe kila siku. Waya wako usiutupe, utumie ukutani, wenye matundu madogo ili paka na panya wasipenye. Ila mbao za ndani usizipake rangi. Huyu anatafuna kila kitu."

"Kitambaa changu alikimaliza," alishuhudia Bibi.

"Basi! Na kona moja mjengee kijumba chenye kiza. Akiogopa, ajifiche. Kisha kizimba kikae kivulini, penye hewa, mvua isimfikie."

Fundi alipangusa jasho. "Hicho si kizimba tena. Ni nyumba yenye sebule na choo."

"Umeelewa somo," alisema Daktari.

Alisafisha vidonda, akaacha dawa ya mnyama. Akawaonya wasimpake dawa za watu bila kuuliza, kwa sababu hujilamba. Akaahidi kurudi baada ya siku tano.

Kazi ikaanza upya. Safari hii Bibi aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa karakana, Mstaafu mapajani juu ya taulo.

"Mama, sema!" Fundi alimwambia kila mara. "Usininyamazie."

"Haya. Hapo pana msumari umetokeza."

"Asante."

"Na mlango huo ni mwembamba. Mkono wangu unapita, ufagio haupiti."

"Mama, umekuwa msimamizi!"

"Si umenitaka mwenyewe?"

Kizimba kipya kiliwekwa kwenye baraza ya nyuma, upande usiopata jua. Wateja hawakukiona, na Fundi hakujali. Kile cha zamani alikitundika ukutani na kukijaza vyungu vya maua. "Maua hayana nyayo," alisema. Lakini ua la petali sita alilikata kwa uangalifu, akalifunga kwa nje kwenye mlango mpya, mahali ambapo meno ya Mstaafu hayafiki. Bibi ndiye aliyeomba hivyo.

Majuma machache yakapita. Vidonda vilikauka, manyoya yakaanza kurudi. Mstaafu alikula mpaka Chiriku akaomba aitwe Mnene. Ombi lilikataliwa. Ijumaa kadhaa zilikwishapita, na mkoba wa Bibi ulikuwa juu ya kabati, mtupu.

Asubuhi moja Bibi aliketi barazani. Mstaafu alikuwa upande wa pili wa waya, amejinyoosha juu ya majani makavu, hana la kufanya. Bibi aliinuka kubadilisha trei, akafungua mlango. Mlango ukatoa mlio.

"Fundi!" aliita.

"Naam, Mama!"

"Mlango wako unalia. Njoo utie mafuta!"

Fundi alikuja mbio, kopo la mafuta mkononi, uso umemchanua kama mtu aliyesifiwa mbele ya umati.

Mwenyezi Mungu amrehemu yule aliyetangulia, aliyeacha amana. Na waliobaki awape afya, awape ndimi za kusema kweli kwa upole na masikio ya kuipokea, na aizidishie nyumba yao mapenzi, wao na kiumbe wao asiyesema. Amina.