Mkate wa Toshpulat

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabomba ya moshi ya kituo cha umeme cha Angren, Zulhumor alipotoka na ndoo kuchota makaa ya mawe bandani. Baridi ya huko haina adabu, huingia hata isipokaribishwa. Alichota upesi upesi. Tangu juzi hakupenda kukaa nje peke yake.

Juzi ndipo mgodi ulipobomoka, mumewe Toshpulat akiwa chini. Wakubwa wapya walitaka makaa zaidi, maana mji mkuu, Tashkent, unajengwa usiku na mchana na umeme hautoshi. Vijana wakapelekwa kuchimba kule ambako baba zao waliapa kutokugusa. Kisa hawakukisema, na wakubwa hawakuuliza.

Waokoaji walikuwa bado wanafukua. Zulhumor alishikilia tumaini moja tu, ule mkate uliotundikwa ukutani. Toshpulat aliuuma mara moja kabla ya kuondoka, kama wafanyavyo wanaume wa huko waendapo penye hatari. Uliobaki ni riziki yake inayomngoja. Sharti arudi aimalize.

"Asiuonje mwingine," mama mkwe alimwonya kabla ya kwenda kukesha mgodini. "Hata panya! Umesikia, mwanangu?"

Zulhumor alikuwa ndiyo kwanza ameitua ndoo ndani aliposikia hatua. Nzito. Taratibu...

Kisha harufu. Harufu ya udongo wa chini kabisa, usiowahi kuonja jua.

"Mama Lola... fungua."

Moyo ukamlipuka. Ilikuwa sauti ya mumewe!

"Baba Lola! Wamekutoa?"

"Fungua. Nina njaa."

Furaha ikampofusha, akafungua. Mumewe alisimama kizani, mweusi kwa vumbi tangu utosini hadi nyayo. Hakutoa salamu. Akaingia na viatu vyake juu ya zulia, yeye ambaye hugombeza nyumba nzima kwa kosa hilo hilo. Mwache, Zulhumor alijisemea, mtu katoka kaburini.

"Keti, nikupashie supu."

"Mkate."

Macho yake yalikuwa yameshafika ukutani. Zulhumor akautungua kwa mikono miwili, akilia kwa shukrani, akampa.

Alikula bila hata bismillahi. Krr... krr... Mlango ulikuwa bado wazi na baridi ilijaa chumbani. Kila Zulhumor alipopumua, mvuke ulimtoka mdomoni.

Mumewe, hakikumtoka kitu.

Simu ikalia. Alikuwa mama mkwe, analia na kucheka kwa pamoja.

"Mwanangu, wamemtoa! Mzima! Nimemshika mkono hapa!"

"Mama..." Zulhumor alinong'ona. "Umemshika nani?"

"Mumeo, nani mwingine? Mjinga huyu, hata maji hajanywa, anaulizia mkate wake! Anasema asipewe mtu, huko chini kuna aliyekuwa akimwomba..."

Zulhumor aliirukia ile mikono. Ilikuwa migumu, baridi kama mwamba. Alivuta, akakwaruza, akauma. Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho, nacho kilikuwa tayari mdomoni.

Yule mtu alimtazama kwa upole.

Akameza.

"Toshpulat?" Sauti ya mama mkwe ilibadilika simuni. "Toshpulat, mwanangu? Fumbua macho... Daktari! Jamani, daktari! Alikuwa anaongea sasa hivi!"