Usukani Upande wa Kushoto

Kila alipotoka shule, Kidoti alikuwa na kazi mbili kabla ya kugusa chakula: kuokota mayai bandani na kufagia karakana. Ya kwanza aliifanya kwa moyo mmoja, maana kuku walikuwa wa mama yake. Ya pili aliifanya amenuna, akitimua vumbi makusudi, maana karakana ilikuwa ya Fundi.

Fundi alikuwa mume wa mama yake. Alihamia kwao mwaka uliopita na masanduku ya spana, makopo ya grisi na redio isiyojua kunyamaza, akageuza kibaraza cha nyuma kuwa mahali pake pa kazi. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na Kidoti naye alimwita hivyohivyo, wageni wawepo wasiwepo. Mama alipomwomba amwite baba, alijibu kwamba baba yake amelala makaburini, na suala hilo halikuzungumzwa tena. Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kubembeleza mtoto. Akimhitaji, aligonga spana kwenye meza ya chuma na kungoja.

Siku hiyo Kidoti aliingia karakanani akakuta pikipiki ya marehemu baba yake imewekwa juu ya gogo, haina uso. Gurudumu la mbele halipo. Shokapu za mbele zimefunguliwa, usukani umeng'olewa, na ile taa ya duara aliyokuwa akiisugua pamoja na baba yake kila Jumapili imetupwa kwenye gunia. Alisimama na ufagio mkononi.

"Pikipiki ya baba yangu umeifanya nini?"

"Ninaifanya itembee," Fundi alisema bila kugeuka. "Fagia."

Kidoti alijua sababu, ila hakutaka kuijua. Mama alikuwa akipeleka mayai madukani kwa pikipiki hiyo. Shokapu zake za zamani zilivuja mafuta, na kila ilipoingia kwenye shimo ilibamiza chini kwa kishindo. Breki yake ya mbele ilikuwa ya kuombea dua. Trei za mayai zilifika kwa wateja zikiwa nusu mayai, nusu uji. Fundi alikuwa amepata pikipiki ya kisasa iliyogongwa nyuma lakini mbele ni nzima, akaamua kuihamishia pikipiki ya zamani sehemu hiyo yote ya mbele: shokapu nene, gurudumu lenye breki ya diski, usukani mpana. Mama ndiye aliyemwomba.

Jioni, mezani, Mama aliuliza itakuwaje kama mwili wa zamani utaukataa uso mpya. Fundi akasema ukikataa atarudisha vitu vya zamani, basi, yaishe. Kidoti aliinamia sahani yake. Neno hilo alikwenda kulala nalo.

Wiki nzima Fundi alipima, akasugua chuma, akafunga, akafungua, akafunga tena. Kila jioni spana iligonga meza, na Kidoti akaenda kushika tochi. Walisemezana kwa ukali, na kwa uchache.

"Mulika ninapofanya kazi. Paka hahitaji taa," Fundi alimwambia mara moja.

Ijumaa pikipiki ilisimama kwa magurudumu yake mawili. Kwa macho ya mtu mwingine ilikuwa imependeza. Kwa macho ya Kidoti ilikuwa mgeni aliyevaa nguo za baba yake. Fundi aliiwasha akaiacha iungurume polepole, kisha akamwita. Geti la mteja lilikuwa linamngoja akalikate, na mteja mwenyewe amesimama pale anahema.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu mpaka mwisho kushoto. Mlio usibadilike. Ukibadilika hata kidogo, niite."

Akaenda nje, na mashine ya kukatia chuma ikaanza kupiga kelele. Kidoti alishika usukani. Rafiki yake wa nyumba ya pili, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ya maneno mengi, alikuwa ameketi juu ya tairi bovu akimtazama. Kidoti aligeuza kulia. Pikipiki iliendelea kuunguruma kwa utulivu. Akageuza kushoto, na alipofika mwisho injini ikafoka yenyewe, kama mtu amezungusha mkono wa mafuta. Aliurudisha usukani katikati, ikatulia. Akageuza tena kushoto, ikafoka tena.

Hakuwa mjinga. Aliinama akaona kila kitu. Waya wa mafuta, ule unaotoka mkononi kwenda kwenye injini, ulikuwa wa zamani. Ulikuwa mfupi kwa usukani huu mpana. Ukikata kushoto, waya unavutwa na pikipiki inaongeza mwendo bila kuulizwa.

"Mbona inafoka yenyewe?" Chiriku aliuliza.

"Wewe hujaona kitu."

"Nimeona, na nimesikia."

"Basi sahau."

Chiriku aliinuka, akapangusa sketi yake, akasema ugomvi wa nyumba ya watu haumhusu. Akaondoka.

Fundi aliporudi, akijifuta jasho kwa kiwiko, alimuuliza kama ameangalia. Kidoti akasema ameangalia.

"Pande zote mbili?"

"Pande zote mbili. Hakuna shida."

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Chombo chochote kilichotengenezwa pale, Fundi alikiendesha yeye kwanza. Kesho asubuhi angetoka nacho getini, na getini hapo kila mtu hukata kushoto, kona ya ghafla, na mbele yake upo mtaro wa maji machafu. Pikipiki ingemrukisha, naye angeingia mtaroni na kitambi chake, majirani wakitazama. Angetoka amelowa na kuaibika, akaurudisha uso wa zamani. Kidoti alilala akitabasamu. Alimchukia mtu yule, na usiku huo chuki ilikuwa tamu.

Asubuhi alikuwa bandani akiokota mayai aliposikia mtu anaita kutoka barabarani. Lori lilikuwa limezimika sokoni na kuziba njia, Fundi anatakiwa upesi. Kidoti alimsikia Fundi akisema angependa kuizungusha pikipiki yeye kwanza. Kisha akamsikia Mama akijibu kwamba mayai yanasubiriwa, naye atakwenda polepole.

"Haya," Fundi akasema. "Mtoto aliiangalia jana."

Kidoti alitoka bandani na kikapu mkononi. Mama alikuwa amekwisha kukaa juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani, trei zimefungwa nyuma kwa kamba za mpira. Fundi, mfuko wa spana begani, alikuwa anafungua geti. Juu ya ukuta kilionekana kichwa cha Chiriku. Alimkodolea macho Kidoti tu.

Injini ikawaka. Kikapu kilianguka, mayai yakapasuka, Kidoti akakimbia. Alifika wakati gurudumu la mbele linavuka kizingiti cha geti, akaukamata ufunguo na kuizima injini.

"Una wazimu?" Mama alisema.

"Ukikata kushoto inaruka," Kidoti alisema. "Niliona jana. Nilimdanganya Fundi."

Fundi alitua mfuko chini. Alimwambia mkewe ashuke. Aliwasha injini, akageuza usukani mpaka mwisho kushoto, na pikipiki ikafoka kwa nguvu hata kuku wakatawanyika. Akaizima. Uso wake ulikuwa umekunjamana, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ulitaka nani aanguke?"

"Wewe," Kidoti alisema.

Kichwa cha Chiriku kilitoweka ukutani. Fundi alimtazama mtoto, Kidoti naye hakuinamisha macho, ingawa machozi yalikuwa yakimtiririka. Fundi akamgeukia Mama.

"Na mimi nina kosa. Usukani na breki fundi huangalia mwenyewe. Nilikuwa na haraka." Akabeba mfuko wake akaenda kwenye lori, bila kuaga.

Mama alivua kofia. Hakumpiga Kidoti wala hakumkumbatia. Alimkalisha kwenye kizingiti cha geti, mbele ya mtaro.

"Sitakulazimisha umpende," alisema. "Ukimchukia, huo ni moyo wako, na siku moja utachoka kuubeba. Lakini mtu akikuuliza jambo linalogusa uhai, mjibu ukweli, hata kama humpendi. Uongo ulimtengenezea yeye, na kidogo tu unibebe mimi. Leo ungekuwa umezika wazazi wako wote wawili. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Basi kaokote hayo maganda. Mayai uliyovunja utayalipa kwa kuosha mabanda mpaka niseme basi."

Mchana Fundi alirudi na waya mrefu. Aliufunga, akawasha injini, akagonga spana mezani. Kidoti alikwenda. Aligeuza usukani mpaka mwisho kulia, akasikiliza. Akageuza mpaka mwisho kushoto, akasikiliza, kisha akarudia.

"Mlio haubadiliki," alisema. "Lakini kushoto waya unasugua ukingo wa tangi. Utakatika baadaye."

Fundi aliinama. Akausogeza waya na kuufunga upya upande wa ndani. Halafu akashika usukani na kuugeuza mwenyewe, kulia na kushoto, kana kwamba hakuambiwa kitu. Zamani Kidoti angenuna kwa kutoaminiwa. Safari hii alisimama pembeni akamulika tochi, pale hasa kazi ilipokuwa inafanyika.