Njia ya Vitambaa

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Chiriku alikuwa na kiti chake kando ya cherehani. Mama yake, fundi wa nguo, alishona magauni. Yeye alishona vifungo na kusimulia habari za shule, za kweli na za kuongeza chumvi. Jina la Chiriku alilipata hapo hapo. Mama alisema mdomo wa mtoto huyu haujui likizo.

Kisha shangazi akawaletea mbwa mdogo wa miezi michache. Mwanzoni alikimbia vizuri. Asubuhi moja aliamka kichwa kimeinamia upande, akazunguka, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Ndipo walipomwita Yumba.

Daktari wa mifugo alimmulika macho na kumchungulia masikio. "Ameshindwa kujisawazisha," alisema. "Tatizo huenda liko sikioni, huenda liko kwenye ubongo. Chanzo sikijui, na sitawadanganya. Tumpe muda, lakini asitembee kwenye sakafu inayoteleza."

Sakafu yao iling'aa kwa kusuguliwa, kazi ya Chiriku mwenyewe. Basi mama akaunganisha mabaki ya vitambaa, akayashonea gunia kwa chini, akayatandika kutoka kwenye boksi la Yumba mpaka kwenye bakuli lake la maji. Katikati ya njia hiyo Chiriku aliona kitambaa chekundu cha mahameli, alichokuwa amekiweka ili washone mkoba yeye na mama.

"Mama, hiki changu."

"Nitakutafutia kingine. Mwenzio anaanguka."

Mwenzio! Tangu lini mbwa akawa mwenzake? Wivu ulimwingia Chiriku. Siku hizo jioni mama alimfunga Yumba mkanda wa kitambaa tumboni, akamtembeza na kumsifu kila hatua. Chiriku alipokuwa wa kwanza katika hisabati, mama alisema "Vizuri" bila kuinua macho. Yumba alipovuka chumba bila kuanguka, mama alipiga makofi.

Kufagia ilikuwa zamu ya Chiriku. Siku moja, mama alipokwenda kununua nyuzi, Chiriku alivikung'uta vitambaa uani na hakuvirudisha. Yumba alitoka kwenye boksi, miguu ikatawanyika huku na huku, kidevu kikagonga sakafu.

"Haya, wapi makofi yako sasa?" Chiriku alimwambia.

Kabla mama hajarudi, vitambaa vilikuwa mahali pake. Kila mama alipotoka, Chiriku aliviondoa tena.

Yumba akaanza kuogopa kutoka kwenye boksi. Hata mbele ya mama, juu ya vitambaa, alitetemeka na kuanguka. Mdomo wake ulipovimba, mama alimfunika kwa taulo wakarudi kwa daktari.

Daktari alimpima muda mrefu. "Alikuwa amepata nafuu. Kama mmefuata maagizo yangu yote na bado anarudi nyuma hivi, basi ubongo unaharibika. Ni afadhali nimchome sindano alale asiamke, kuliko kumwacha ateseke."

Mama alijifuta macho. "Tumeyafuata yote, daktari."

Chiriku alitazama chini. Ilimtosha kunyamaza tu, na jioni hiyo hiyo kiti chake kando ya cherehani kingerudi. Yumba akamlamba mkono. Hakujua adui yake ni nani.

"Hatukuyafuata yote," Chiriku alisema. "Mama akitoka, mimi naondoa vitambaa. Nilimwonea wivu."

Daktari alimtazama, kisha akamtazama mama. "Basi mbwa huyu hakurudi nyuma," alisema. "Alirudishwa. Mpeni njia yake, halafu mniletee tena."

Walipofika nyumbani mama alivuta kile kiti. "Kaa. Umefanya vibaya sana, na kuanzia leo wewe ndiye utakayemtembeza. Lakini wewe, bingwa wa maneno, ulishindwaje kuniambia?"

"Niliona aibu, mama. Nitamwoneaje wivu mgonjwa?"

Mama alimshika bega. "Na mimi niliacha kukutazama. Hilo kosa ni langu."

Kichwa cha Yumba hakikunyooka, na sababu haikujulikana. Daktari mwenyewe aliacha kukisia. Lakini jioni moja mbwa huyo alitoka kwenye boksi, akapita juu ya mahameli nyekundu, akalipita bakuli, akakanyaga sakafu tupu. Aliyumba mpaka kwenye cherehani, akajitupa juu ya mguu wa Chiriku.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Na wivu ni maradhi, mwanangu. Ukikuuma, sema mapema, usingoje mwingine aanguke kwa sababu yako."

Chiriku alimkuna Yumba sikio. "Mama," alisema, "ule mtihani wa hisabati nilikuwa wa kwanza."

Mama alisimamisha cherehani. "Nisimulie," alisema. "Anza mwanzo."