Bustani Iliyopimwa kwa Tepu ya Suruali

Kila asubuhi fundi cherehani hunywa chai akiwa amesimama, kwa sababu kiti chake kimejaa suruali za wateja. Mkewe hunywa akiwa ameketi, kwa sababu goti lake la kulia lilijiuzulu zamani. Asubuhi moja ilifika barua, na chai ya wote wawili ikapoa.

"Tumepata kipande namba tisa!" mke alipiga kelele. "Miaka mitatu kwenye foleni, baba watoto!"

Kipande hicho kilikuwa katika bustani za mtaa, mahali ambapo kila familia hupewa sehemu yake ya kulima mboga. Walikwenda kukiona siku hiyohiyo. Walikiona kwa shida. Majani yalifika kifuani. Miiba ilikuwa imeuteka uzio na kuutawala. Godoro moja na mlango wa friji viliishi humo kwa amani, bila kumwomba mtu ruhusa.

"Bomba liko wapi?" mke aliuliza.

"Upande wa juu," alijibu msimamizi wa bustani. "Upande wa chini ni mawe matupu." Akampa fomu. "Andikeni ukubwa hapa. Lakini mjue sheria. Kipande kikizidi mita za mraba mia mbili, kinagawanywa. Nusu yenu, nusu ya familia nyingine. Nani apate upande gani, tunapiga kura."

Mke alitazama bomba, kisha akatazama goti lake. Wakiangukia upande wa mawe, itabidi abebe ndoo za maji kila siku. Goti lile halikubali hata kikapu.

"Usijali," mume alimwambia. "Mimi napima watu tangu ujana. Kiwanja kitanishinda? Hiki hata hakivuti tumbo ndani."

Walifyeka pembeni kwa siku mbili. Kisha mume akatoa tepu yake ya kushonea, ya sentimita mia na hamsini. Mke alishika mwanzo, mume akavuta mwisho. Waliinama na kuinuka kama watu wanaoomba msamaha. Urefu ulikuwa tepu kumi na mbili kamili. Upana, tepu nane.

Nyumbani, mume alipiga hesabu.

"Tepu moja ni mita moja na nusu. Basi urefu ni mita kumi na nane. Upana, mita kumi na mbili. Kumi na nane mara kumi na mbili..." Sauti ikafifia. "Mia mbili na kumi na sita."

Mita za mraba kumi na sita za ziada!

"Tuandike mia na tisini na tisa," mume alinong'ona.

"Na msimamizi akija kupima?"

"Nitamwambia ardhi imenywea kwa jua."

"Baba watoto, niangalie usoni. Nitabeba ndoo kwa meno kabla sijaandika uongo kwenye fomu yenye jina langu. Namwita Mama Timazi."

Mama Timazi alikuwa jirani yao, fundi mwashi. Timazi ni kile chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho waashi hutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Yeye alikuwa haendi popote bila hicho chuma. Alifika kesho yake na vigingi vinne, uzi, na tepu ya mita thelathini.

"Mlipima kwa kitu gani?" aliuliza.

"Kwa tepu yangu ya kazi," mume alijibu kwa fahari.

"Ya suruali? Kwa hiyo shamba nalo linakatwa kaptula?"

Mke alicheka mpaka akashika uzio, akachomwa na mwiba, akaacha kucheka.

"Kufyeka pembeni kwanza mmefanya vizuri," Mama Timazi aliendelea. "Tepu ikipanda juu ya majani, huongeza urefu. Sasa tunapigilia kigingi kila kona. Uzi tunaukaza, usilegee. Halafu tunapima pande zote nne, siyo mbili."

"Kwa nini nne, dada?" mke aliuliza.

"Kwa sababu kiwanja kinaweza kuwa kipana huku na chembamba kule. Macho hayaoni hilo."

Urefu wa pande zote mbili ulilingana. Upana pia. Kisha Mama Timazi akapima toka kona hadi kona, akipenyeza tepu chini kati ya majani, njia zote mbili. Zote zilikuwa mita ishirini na sentimita kumi na tisa.

"Zikilingana, kona zetu ni pembe mraba. Tunaweza kuzidisha urefu kwa upana bila wasiwasi. Sasa andika, fundi. Urefu, mita kumi na sita na sentimita themanini."

"Kumi na nane," mume alisema.

"Kumi na sita na themanini."

"Shemeji, tepu yako ina kasoro."

"Leta yako tuzilaze pamoja."

Walizilaza ardhini. Tepu ya fundi cherehani ilisema mia na hamsini. Ya Mama Timazi, palepale, ilisema mia na arobaini. Mke aliokota mwanzo wa tepu ya mumewe, akausoma.

"Hii inaanzia kumi. Sentimita za mbele ziko wapi?"

Mume alikuna kichwa. "Pasi ilizila mwaka juzi. Dukani mikono yangu hutoa kumi yenyewe, hata sifikirii. Lakini hapa mwanzo ulishikwa na..."

"Na nani? Malizia."

"Na mtu mwema sana," mume alisema haraka.

Upana ulikuwa mita kumi na moja na sentimita ishirini. Mama Timazi alizidisha kwa kijiti mchangani. Mke hakupumua mpaka tarakimu ya mwisho.

"Mita za mraba mia na themanini na nane, na kidogo."

"Hazifiki mia mbili?"

"Hazifiki. Ni kipande chenu chote, bomba na mawe."

Mke aliketi juu ya mlango wa friji akalia kidogo, kisha akacheka, kisha akamwomba mumewe kalamu. Msimamizi alikuja na tepu yake, akapata namba ileile, akatia sahihi.

Miezi mitatu baadaye, kabichi na karoti zilijaa upande wa juu, na mawe ya chini yakawa njia ya kupitia. Mume alinunua tepu mpya, nzima. Mke alifunga mpira kwenye bomba, na kila asubuhi alimwagilia bustani yake yote akiwa ameketi, akimwamuru fundi cherehani ang'oe magugu.