Mchoro Usiokauka

Asubuhi ya siku ya tisa, Anselme Rouvray aliingia katika chumba chake cha mashindano akaukuta mchoro wake umelowa. Rangi ya mafuta aliyoipaka siku ya kwanza ilipaswa kuwa imeshakauka, lakini hii ilimnata kidoleni, na ilinuka udongo wa kaburi bichi.

"Mzee Crépin," alimwita mlinzi wa korido, "nani kaingia humu?"

"Nani aingie, na funguo ninazo mimi kiunoni? Paka rangi, kijana, acha visingizio."

Basi akapaka. Wachoraji wote wa Paris waliwania jambo moja mwaka ule: mshindi angepelekwa Roma miaka mitano, akila na kulala kwa gharama ya serikali. Anselme alikuwa na miaka ishirini na tisa, na akishatimiza thelathini mlango ungefungwa. Sheria nyingine ilikuwa kali zaidi. Mchoro mdogo wa siku ya kwanza ulipigwa muhuri na waamuzi, na picha kubwa ilipaswa kuufuata vilevile. Ukihamisha hata mkono mmoja, umetolewa.

Mada ilikuwa Alkestisi, malkia wa hadithi za Wagiriki aliyekubali kufa badala ya mumewe. Anselme alimlaza kitandani bila sura, akisema sura ataitafuta baadaye. Mauti alimweka mlangoni, kajitanda shuka jeusi, kawapa watu mgongo.

Siku ya kumi na mbili, Mauti ndani ya mchoro ule mdogo alikuwa ameshasogea mpaka katikati ya chumba cha malkia. Siku ya kumi na tano mkono wake ulikuwa juu ya godoro, na malkia alikuwa na sura. Ilikuwa sura ya Perrine, mkewe Anselme, mpaka lile kovu la kidevuni. Muhuri ulikuwa mzima.

Alimkuta Perrine nyumbani kajifunika shali mbili katika joto la Julai, meno yakigongana. Akamsimulia yote.

"Ukwarue, mume wangu," Perrine akanong'ona. "Itoe sura yangu humo."

"Nikiukwarua wananitoa."

"Usipoukwarua naondoka mimi. Chagua basi, au nikuchagulie?" Alijaribu kucheka, akakohoa.

Kesho yake Mzee Crépin alimsogelea mlangoni, sauti chini. "Humo mna jini, nilikuficha. Aliyekuwemo kabla yako aliukwarua wake, wakamfukuza. Sasa anauza mishumaa. Lakini mama yake, aliyekuwa mahututi, anakula na kushiba. Kisu unacho, mwanangu."

Anselme alikishika kisu cha kukwangulia rangi, akakisogeza mpaka ncha ikaigusa shingo ya malkia, na harufu ya udongo ikamjaa puani, na ndani ya kitambaa cha mchoro akasikia kikohozi anachokijua, kidogo, cha mtu anayejizuia asimsumbue mwenzake usingizini, na bado, Mungu amhukumu, alichokiona mbele ya macho yake ni Roma, jua lake na jina lake likitajwa, mpaka kisu kikashuka chenyewe mezani na mkono ukachukua brashi. Katika picha kubwa aliuweka mkono wa Mauti juu ya godoro, kama mchoro ulivyotaka.

"Umekwarua?" Perrine alimuuliza jioni.

"Nimekwarua, mke wangu."

"Ahsante. Hata baridi imepungua."

Naye alidanganya, ili mumewe ale supu yake kwa amani. Alizikwa siku nne baadaye.

Waamuzi walivaa miwani, wakalinganisha. "Picha haikupishana na mchoro hata unywele," walisema, wakampa ushindi. Mtu mwaminifu, walimwita.

Alisafiri kwenda Roma kwa gari la farasi, mchana kweupe, mchoro umeviringishwa katika kitambaa mapajani. Walipoupita mji wa Lyon kitambaa kikalowa.

"Umekwarua?" ikauliza sauti kutoka ndani.

Abiria wenzake waligeuka kumtazama, kwa kuwa walimsikia yeye tu akijibu, "Nimekwarua, mke wangu."

"Mbona basi bado nasikia baridi?"

Roma ilikuwa bado wiki mbili, na huko alikuwa na miaka mitano ya kukaa.