Jogoo Mlangoni kwa Mama Yer

"Huyo jogoo wenu hapiti juu ya kichwa cha binti yangu! Nimesema!"

Mchungaji Wameng Thao alipiga meza kwa kiganja, glasi zikaruka. Katikati ya meza ulilala mwavuli mweusi uliofungwa utepe wa mistari, ule ambao washenga wa Kihmong huja nao wanapotaka mke. Mambo yalivyokuwa yanakwenda, hapakuwa na dalili ya utepe huo kufunguliwa siku hiyo.

"Mchungaji," alisema Nhia Chou, mshenga wa akina Moua na baba mdogo wa bwana harusi, mzee asiyejua kumeza neno. "Wote tumetoka milima ile ile ya Laos, tukashuka hapa Marekani, Saint Paul, na vifurushi vile vile. Mke akiingia kwa mumewe, jogoo anazungushwa juu ya vichwa vyao mlangoni ili mizimu ya nyumba imjue. Bila hivyo ni mgeni. Unataka binti yako azeeke akiwa mgeni nyumbani kwake?"

"Nataka aende mbinguni."

"Kumbe! Na sisi tunakwenda wapi?"

"Unajua mnakokwenda. Njia ni moja, Nhia Chou. Moja! Hizo nyingine zote zinaishia motoni, na mama wa huyo kijana, mganga wenu wa mizimu, ndiye anayewatangulia watu huko na njuga zake. Kijana abatizwe, jogoo abaki bandani. Hilo ndilo sharti langu."

Nhia Chou aliuchukua mwavuli, akaubana kwapani.

"Mwavuli huu haujawahi kurudi bila mke. Haya, kaeni na mbingu yenu."

Jikoni, Gaonou, binti mwenyewe, alikuwa ameshika bakuli la wali wa kunata na amesahau kulitua. Alikuwa na miaka ishirini na saba, muuguzi katika kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Huko ndiko alikompata Pheng Moua. Mara tatu kwa wiki Pheng alimleta mama yake, Mama Yer, akakaa kumsubiri, na baada ya muda hata mgonjwa mwenyewe alijua kijana hasubiri figo tu.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Pheng, aliyekuwa garini nje ya dirisha:

"Nimekuona jikoni unalia. Tufanyeje?"

Hapo ndipo Gaonou alipoharibu. Aliandika bila kufikiri:

"Batizwa Jumapili. Mama asijue. Ni maji tu, Pheng."

Jamani! Binti wa mchungaji, aliyekariri mistari ya Biblia kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ndiye aliyeandika hayo. Ni maji tu!

Pheng akapiga.

"Gao, pale nyumbani mwanaume ni mimi peke yangu. Baba alishakufa. Mama naye akifa, nani atapiga magoti ailishe roho yake? Nani atasimamia aimbiwe njia ya kurudi kwa wazee wake? Mkristo haruhusiwi kufanya hayo."

"Utafanya tu. Nani atakuzuia?"

"Baba yako."

"Baba niachie mimi. Pheng, unanitaka hunitaki?"

"Nakutaka mpaka chakula hakipiti."

"Basi ingia majini."

Jumapili akaingia. Mchungaji alimzamisha, akamwinua, akamkumbatia akiwa amelowa vile vile, machozi yanamtoka kwa furaha. Kanisa likapiga makofi. Gaonou naye akapiga makofi, ila mikono ilikuwa ya baridi.

Wapenzi wale wawili walisahau mambo mawili. La kwanza, kanisa lilirusha ibada zake laivu Facebook, na Pheng alikuwa na shangazi kule Fresno asiyepitwa na kitu. La pili ndilo kubwa, na mchungaji hakulisahau hata dakika moja. Kwa Wahmong, mwanaume mwenye nyumba akiokoka, nyumba nzima imeokoka, na kanisa huja kuishusha madhabahu ya mizimu siku hiyo hiyo.

Saa nane mchana simu ya Gaonou ikaita.

"Gaonou." Alikuwa Mama Yer.

"Abee, mama."

"Nywele za mwanangu zimekauka?"

Gaonou akamtazama Pheng, aliyekuwa naye.

"Njooni wote wawili. Na mfanye haraka, maana kuna wanaume na maboksi mlangoni kwangu."

Walimkuta mama wa watu amekalia kigoda katikati ya mlango, mkono wenye bandeji ya sindano umepakatwa na mwingine. Mbele yake alisimama mchungaji na mashemasi watatu.

"Mwanao ndiye mwenye nyumba, na mwenye nyumba ameokoka," mchungaji alikuwa anasema. "Sogea, mama, tuisafishe."

"Ina uchafu gani? Nimepiga deki asubuhi."

"Unajua ninachosema. Ile madhabahu."

"Ile ndiyo inayoniweka hai. Mkiibomoa, mnibomoe na mimi."

"Yesu atakuweka hai."

"Mimi na huyo Yesu hatujawahi kugombana, Mchungaji. Hata siku moja! Wewe ndiye unayeniletea ugomvi, unasema umetumwa na yeye."

"Usimtaje kwa kinywa hicho kinachoita mashetani!"

"Kinywa hiki kimewaita wazazi wangu. Wako unawaitaje?"

Mchungaji akamgeukia Pheng.

"Kijana, mwambie mama yako asogee."

Pheng akatazama viatu vyake.

"Pheng, sema!" Gaonou alimfokea.

"Niseme nini, Gao? Niseme nini mimi?"

Gaonou alimwonea aibu mtu anayempenda, kisha akajionea aibu mwenyewe, maana kinywa cha Pheng alikuwa amekifunga yeye. Akapanda ngazi, akasimama kati ya kigoda na mashemasi.

"Baba, rudisheni maboksi garini. Pheng hajaokoka."

"Nimembatiza kwa mikono yangu hii!"

"Umemlowesha, baba. Soma."

Akampa simu. Mchungaji alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila kitu.

"'Batizwa Jumapili. Mama asijue. Ni maji...'" Sauti ikakatika. "Nani kaandika hivi?"

"Mimi."

"Nimemzamisha mtu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, halafu mwanangu, wa kumzaa mimi, anaita maji tu?"

"Nimekosa, baba. Kwa hilo sema unalotaka, sitakujibu. Lakini madhabahu ya mama huyu haiguswi."

"Kwa hiyo njia yake nayo inafika kwa Mungu? Ndivyo unavyosema? Jibu mbele ya hawa!"

Gaonou alijua jibu litamgharimu nini. Akisema hapana, maboksi yanaingia ndani na Pheng hatakuwa wake tena. Akisema ndiyo, hana baba.

"Mara tatu kwa wiki namchoma sindano mkono ule," alisema. "Kiti cha pili anakaa mlokole mmoja anayemwita mchawi, tena mbele yangu. Na kila siku mama huyu anamwombea. Anamwombea kwa mizimu yake, kisha anamuuliza kama amekula. Kama Mungu hasikii maombi yale, baba, basi simjui huyo Mungu. Ndiyo. Naamini anamsikia. Naamini atafika."

"Basi wewe si Mkristo."

"Ni Mkristo. Sijamwacha Yesu na simwachi."

"Yesu alisema njia ni yeye!"

"Alisema. Hakusema wewe ndiye unayelinda geti."

Loh! Shemasi mmoja alishika kichwa. Mchungaji aliirudisha ile simu polepole, kana kwamba ina uchafu.

"Wewe si mwanangu," alisema, na akawaongoza wenzake garini na maboksi yao matupu.

Gaonou alimgeukia Mama Yer.

"Mama, mwite baba mdogo. Anizungushie jogoo leo hii."

Mama Yer akacheka, lakini si kicheko cha kumfurahisha mtu.

"Leo? Weye? Juzi maji yalikuwa maji tu. Kesho jogoo wangu atakuwa kitoweo tu. Mtu anayemchezea Mungu wa baba yake, wazee wangu atawaheshimu kwa lipi?"

"Mama, nimekutetea sasa hivi!"

"Nimeona, na nashukuru. Lakini aliyenifikisha hapa ni nani?" Akamtazama Pheng. "Na wewe. Ungenizika kwa kujificha, kama mwizi? Mama yako mimi?"

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe leo. Nina hasira. Jumapili ijayo mwende wote wawili kanisani kwao, mkaombe radhi mbele ya watu, kwenye kamera ile ile. Shangazi yako wa Fresno atanionyesha."

Wakaenda. Pheng alisema aliingia majini kwa uongo na akaomba radhi kwa Mungu wao. Gaonou alisema uongo ule ulikuwa wake, na kwamba ubatizo si maji tu, na kwamba kuhusu Mama Yer hafuti hata neno moja. Mama mmoja wa kwaya akamsonya, watu wakaguna. Mchungaji alitangaza wimbo unaofuata bila kumtazama binti yake.

Jumamosi iliyofuata theluji ilianguka. Mlangoni kwa Mama Yer, Nhia Chou alisimama na jogoo mwekundu mkononi, na chini ya ngazi walisimama Gaonou na Pheng, mabegani wana theluji. Ndani supu ya kuku ilikuwa inanukia.

Mara gari likasimama barabarani. Mchungaji Thao akashuka na sanduku, akalibwaga kwenye theluji kando ya njia.

"Vitu vyake," alisema. "Asije akapata sababu ya kurudi kwangu."

"Karibu, mkwe," alisema Mama Yer.

"Mimi si mkwe wako! Sikutoa mke hapa."

"Sawa, basi simama hapo uangalie." Akamgeukia Gaonou. "Binti, kabla jogoo hajazungushwa, omba."

"Niombe nani, mama?"

"Unamjua mwingine? Huyo huyo wako. Na uombe kwa sauti, nisije nikasikia unanong'ona mlangoni kwangu."

Nhia Chou akakunja uso. "Shemeji, mizimu haitaudhika?"

"Mizimu yangu ilivuka nasi mto Mekong tukikimbia Laos, ikipigwa risasi. Iogope sala ya mtoto?"

Gaonou akafumba macho. Aliiombea nyumba ile. Akamwombea Mama Yer na figo zake, na Pheng apate kinywa cha kusemea. Mwisho akamwombea baba yake, kwa jina lake kamili, na sauti ikampasuka hapo.

"Ninaomba haya kwa jina la Yesu Kristo."

"Amina!"

Ilitoka barabarani, nzito, kutoka kifuani kabisa. Wote wakageuka. Mchungaji alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Miaka thelathini ya kuitikia sala, mdomo haukumsubiri.

"Mmesikia wenyewe!" Nhia Chou akapaza sauti, jogoo akapiga mabawa. "Amekubali!"

"Sijakubali chochote! Imenitoka tu!"

"Imekutoka wapi, Mchungaji?" aliuliza Mama Yer, safari hii bila kejeli.

Nhia Chou alimzungusha jogoo juu ya vichwa vya wawili wale, akitaja majina ya marehemu wa akina Moua na kuwaambia mwali wao amefika. Pheng akamshika Gaonou mkono.

"Baba," alisema Pheng, kwa sauti ambayo Gaonou hakuwahi kuisikia kwake, "ingia ule. Hatutakuombesha kwa mizimu."

"Kula mwenyewe!"

Wakaingia. Gaonou alichungulia dirishani na kumwona baba yake amefika garini, ameshika kitasa cha mlango, amesimama tu. Kisha alirudi, akaliinua lile sanduku kutoka kwenye theluji, akalipangusa kwa mkono wa koti, akaliweka juu ya ngazi mahali pakavu, na akaondoka bila kuaga.